Pumzi ya Ilpo Kwenye Masanduku ya Barua

Asubuhi moja ya Februari, Reijo Kortelainen aliwasha taa ya jikoni ili asome kipimajoto kilichofungwa nje ya dirisha. Nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri. Alivaa soksi moja, akaitazama, akaivua, akarudi kitandani kwa mkewe. Taa akaisahau.

Ng'ambo ya shamba aliishi Ilpo, mwenzake wa mbio za asubuhi tangu wote wawili wakiwa na nywele. Watu wa kijiji chao, Lehtovaara, hawapigiani simu kwa jambo dogo, hivyo wawili hao walikuwa na desturi yao: taa ya jikoni ikiwaka, nakuja, isipowaka, lala. Ilpo aliiona inawaka. Akatoka, akasimama kwenye masanduku ya barua panapokutana njia zao, akasubiri mpaka miguu ikafa ganzi. Hospitalini walimkata vidole vyote vya mguu wa kushoto.

Reijo alisema alikuwa na homa. Alimwambia mkewe, akawaambia majirani, akamwambia na Ilpo mwenyewe, akiwa amemshikia mfuko wa maandazi ya iliki pale kitandani.

Lakini pumzi ya Ilpo ilibaki. Ilining'inia kando ya masanduku, nyeupe, kimo cha kinywa cha mtu mrefu, na upepo ukaipita pembeni. Hakuna aliyeshangaa. Kila mtu kijijini anajua kwamba pumzi ya anayesubiri haitawanyiki mpaka anayesubiriwa atokee. Sirpa, mleta barua, aliisogeza kwa kiwiko, akatia magazeti, akaiacha irudi mahali pake. Wala hakuna aliyeuliza ilikuwa ikimsubiri nani. Wenye kichaa cha kukimbia kwenye baridi ile walikuwa wawili tu.

Theluji ikayeyuka, pumzi haikuyeyuka. Majira ya joto mbu waliizunguka, hawakuingia. Reijo alizoea kupita njia ya nyuma, na gazeti akamwachia mkewe Tuulikki alichukue, hadi siku mke alipogoma.

"Kachukue mwenyewe," alisema. "Mimi haikunisubiri."

Uso umeumbwa na haya, na wa Reijo ulikuwa umezidishiwa. Kila Jumamosi alioga mvuke kwenye sauna ya Ilpo kama zamani, akijitahidi asiutazame ule mguu mfupi juu ya benchi. Jumamosi moja Ilpo alimwaga maji juu ya mawe, akaanza kucheka peke yake.

"Niliona taa, nikajua unafunga viatu. Wewe na kamba zako, bwana, bibi harusi anajipamba haraka kukushinda."

Reijo alijifuta jasho usoni.

"Nikasema nikiondoka, atafika asinikute, adhani nimemkimbia." Akamwaga maji tena. "Homa ilikuwa mbaya, eh?"

"Mbaya," alisema Reijo, na aibu ikamchoma kuliko mvuke.

Februari iliyofuata kipimajoto kilirudi palepale. Reijo aliwasha taa, akasoma, akasimama na soksi mkononi. Kitanda kilikuwa bado na joto. Kwenda ni kukiri mbele ya kijiji kizima kwamba yeye ndiye aliyesubiriwa. Kutokwenda ni kumsimamisha Ilpo pale mwaka mwingine. Alivaa hiyo, akavaa na ya pili, akafunga viatu, akakimbia huku kope zikigandana, akikariri maneno atakayomwambia.

Alipofika, pumzi ilimgusa usoni. Ilikuwa vuguvugu, inanukia kahawa. Kisha ikatawanyika.

Hapo hapo taa ya jikoni kwa Ilpo ikawaka.

Reijo alijua mtu asiye na vidole hakimbii kwenye barafu. Labda Ilpo alikuwa anasoma kipimajoto tu. Lakini taa ikiwaka, imewaka, naye angetoka vipi pale? Alisimama, akasubiri. Pazia lilisogea kidogo, likatulia. Mlango haukufunguliwa. Sirpa alipofika na magazeti alimkuta ndevu zimekuwa barafu, mikono haikunjiki.

"Baba, nenda nyumbani," alisema Sirpa. "Haji huyo."

Akamsukuma taratibu mpaka akaondoka. Pumzi ya Reijo ilibaki kando ya masanduku, chini kidogo ya pale ilipokuwa ile ya kwanza, maana yeye ni mfupi. Sirpa aliisogeza kwa kiwiko, akatia magazeti.

Jioni Ilpo alipiga simu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alisema anaomba radhi kwa kutotokea. Alikuwa na homa.

"Pole," alisema Reijo.