Magari Mepesi

Ofisini walimwita Bi Ratiba, na hakuna aliyekumbuka tena ni nani alianza. Kazi yake ilikuwa kuwafikisha wakaguzi wa silaha mahali ambapo wenyeji hawakutaka wafike. Ndege, viza, vyumba vya kulala, madereva, barafu ya kuhifadhia sampuli, masanduku thelathini na nane ya vipimo, kila moja na lakiri yake yenye namba: vyote vilipita mkononi mwake. Wakaguzi walisifiwa magazetini. Yeye alisifiwa na madereva, na sifa hizo alizithamini zaidi, maana dereva hamsifu mtu bure.

Kazini kwao kulikuwa na sheria moja isiyoandikwa popote, nayo waliiita ukungu. Nchi inayokaguliwa ndiyo hutoa magari, na lazima iombwe siku kumi kabla. Lakini jina la mahali penyewe wenyeji hawaambiwi; hukaa ndani ya bahasha mpaka ndege itue. Kwa hiyo anayeomba magari huomba kama mtu asiyejua aendako: malori makubwa hata kama mzigo ni mdogo, mafuta ya kufika mpakani hata kama safari ni ya saa moja, vyumba katika miji mitatu. Atakayelisoma ombi asione kitu ila ukungu. Bi Ratiba mwenyewe ndiye aliyewafundisha wageni wa kazi. "Ombi la mafuta lina mdomo," aliwaambia. "Lizibeni."

Mara hii bahasha ilibeba jina la ghala la mbolea, bondeni, mbali na mji wowote. Mtunza ghala wa huko alikuwa amepenyeza barua, nayo ilipita mikono minne kabla ya kufika. Chumba cha tatu, aliandika, nyuma ya magunia, kuna makombora ya gesi mia mbili na kumi na mawili. Aliyahesabu gizani kwa kupapasa, safu kwa safu. Moja lilikuwa linavuja, na watoto wa bonde zima walikuwa wanakohoa damu. Wakaguzi wakifika, wasimsemeshe. Atakuwa amevaa kofia ya buluu yenye kiraka cheusi, naye atasimama tu mbele ya mlango unaohusika. Mwisho akaandika: "Njooni kabla sijaogopa."

Kanuni zilimruhusu Bi Ratiba kuisoma barua ile mara moja tu. Mara hiyo moja ilitosha. Sentensi ya mwisho ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Sasa shida ilikuwa daraja. Njia ya kuingia bondeni ilikuwa moja, nayo ilivuka korongo juu ya daraja la mbao lililozeeka likasahau ujana wake. Miaka miwili nyuma, katika ukaguzi wa kawaida upande ule ule, lori la masanduku lilifika katikati, mbao zikakatika, likaenda chini na dereva wake. Baadaye daraja lilitiwa viraka vya kubeba magari mepesi tu. Dereva alikuwa mdogo wake Bi Ratiba, wa tumbo moja. Kazi ile ni yeye aliyemtafutia.

Tangu hapo aliishi na wifi yake, mjane wa marehemu, nyumba moja, jiko moja. Wifi huyo ulimi wake ulikuwa wembe. Akimwona Bi Ratiba anapekua kabati la jikoni, humwambia, "Wifi, unapanga safari za dunia nzima, chumvi ya nyumbani kwako hujui inakaa wapi." Wakacheka. Lakini kulikuwa na neno moja ambalo hakulitania kamwe. Alilisema siku ya mazishi, udongo ukiwa bado mkononi: "Usikubali daraja lile limle mtoto wa mtu tena." Na Bi Ratiba akaapa.

Basi siku ya kujaza ombi alikaa mbele ya fomu tangu asubuhi mpaka chai ikaota ngozi. Ukungu ulitaka malori matano. Aliandika malori matano, akaona mbao zinakatika, akafuta. Aliandika tena, akafuta tena. Saa tisa alasiri aliandika magari madogo tisa, akatia sahihi kabla mkono haujabadili nia. Mafuta aliomba ya kufika mpakani, na vyumba aliomba miji mitatu, kama desturi. Alijiambia kwamba ukungu bado ni mzito, tundu moja dogo haliwezi kuumaliza. Kisha akashuka stoo, akakata lakiri, akagawa mzigo wa masanduku thelathini na nane kwenye masanduku sitini na moja madogo, akaandika upya orodha yote kwa mkono wake. Hakuomba msaada. Mtu anayejidanganya hapendi mashahidi.

Siku ya pili alipigiwa simu na ofisa wa upande wa pili, yule wa kupokea maombi, mtu wa adabu ndefu ambaye hajawahi kusahau kuuliza hali ya familia. Alithibitisha mafuta, akathibitisha vyumba. Halafu akasema, kwa utani, "Dada, mara hii mmekonda. Nani kawapa dawa ya kupunguza unene?"

Bi Ratiba akacheka, akajibu kwamba bajeti ndiyo daktari wao. Yule bwana naye akacheka, akamtakia kazi njema. Simu ilipokatika, kicheko kile kilibaki sikioni mwake kidogo, kama maji baada ya kuoga. Akaendelea na viza.

Siku kumi zikapita. Msafara ukaondoka chini ya mkuu wake, mzee waliyemwita Kipimo, kwa sababu hupima kila kitu, hata sukari ya chai yake, kwa kijiko alichotoka nacho nyumbani. Ndege ikatua, bahasha ikafunguliwa, na bila kuchelewa hata saa moja, magari madogo tisa yakashika njia ya bondeni. Bi Ratiba alikaa kando ya simu. Kufika jioni ujumbe uliingia, maneno matatu: tumevuka, wote salama. Alilia kwa furaha, akajifuta kwa kitambaa cha meza. Kwa muda wa usiku mmoja, Bi Ratiba alikuwa na raha.

Kipimo aliporudi hakupitia kwa wakubwa. Alikuja moja kwa moja kwenye chumba cha Bi Ratiba, akafunga mlango, akakaa. Alimweleza taratibu, kama anayesoma orodha. Ghala lilikuwa limefagiliwa, limepakwa chokaa, na chumba cha tatu kilikuwa na magunia ya mbolea yaliyopangwa vizuri kama vitabu. Walichukua sampuli za sakafu, za kuta, za mifereji. Sakafu ilikuwa mpya, na sampuli zote zilitoka safi. Watoto wanaokohoa hawakuwepo. Waliambiwa wako likizo kwa jamaa zao.

"Na yeye?" Bi Ratiba aliuliza.

Kipimo alitazama viatu vyake. Mtu mwenye kofia ya buluu alikuwepo, alisema. Alimwona tokea getini, kiraka cheusi kabisa, moyo ukamruka. Alipokaribia aliona kofia imemzidi yule mtu, imeshuka mpaka masikioni, na mwenyewe anamchekea kila anayepita. Wakamuuliza mtunza ghala wa zamani yuko wapi. Amehamishwa, akajibu. Kahamishiwa wapi? Mbali. Akashika ukingo wa ile kofia kwa vidole viwili, kama mtu anayeaga.

Bi Ratiba akauliza swali ambalo jibu lake alikuwa ameanza kulijua.

"Daraja lilikuwaje?"

"La chuma," Kipimo alisema. "La kijeshi, yale ya kuunganishwa kwa siku moja. Lori la tani thelathini linapita likiimba. Na malori yamepita. Alama za matairi zinazotoka bondeni zimezama ardhini, zinazoingia hazikuzama: yaliingia matupu, yakatoka na mzigo."

"Utayaandika hayo?"

"Daraja si silaha, Bi Ratiba. Nitaandika kilichopatikana. Hakikupatikana kitu."

Hapo ndipo Bi Ratiba alipomwambia. Malori matano, fomu iliyofutwa, kiapo cha makaburini, utani wa mtu wa simu. Nchi nzima ile, mahali pekee ambapo lori haliwezi kufika ni bondeni. Kuomba magari mepesi kulikuwa sawa na kuwaandikia jina la bonde na kuwapa siku kumi za kufanya kazi. Kipimo alikwishajua, tangu alipokanyaga lile daraja la chuma.

"Tungesimamisha malori ukingoni," alisema baadaye, bila ukali, na hilo ndilo lililouma. "Tungeshusha masanduku tukayabeba begani. Ni mita arobaini. Nilizipima."

Alipofika nyumbani, redio ya jikoni ilikuwa tayari imetangaza kwamba wakaguzi wametoka bondeni, na hapana walichokiona. Wifi alikuwa amesimama katikati ya jiko, mwiko mkononi, unadondosha mchuzi sakafuni.

"Walipita kwenye daraja lile?"

"Walipita."

"Wote wakavuka?"

"Wote."

Wifi akaweka mwiko, akamkumbatia, akalia kwa sauti aliyoizuia miaka miwili. Alimwambia kwamba sasa hata marehemu atalala, kwamba ametimiza, kwamba si kila mtu anajua kushika neno. Bi Ratiba alisimama mikono ikining'inia. Alifungua mdomo amwambie kuna mtu mmoja, mwenye kofia ya buluu. Akaona uso wa wifi yake, umelainika kama zamani, akaufunga.

Wifi akapakua, akamsogezea sahani.

"Mbona huli? Kula, wifi. Safari hii hakuna aliyekufa."

Bi Ratiba akashika kijiko, akala. Chakula kilikuwa na chumvi, au hakikuwa nayo. Hakujua. Aliendelea kula mpaka sahani ikaisha, kwa kuwa wifi alikuwa anamtazama, tena anatabasamu.