Moja, Halafu Nne

Kipngeno alinunua gari kabla ya kumaliza kuezeka nyumba, na kijiji kizima kikapata la kusema. Mwanamume analala chini ya turubai, gari lake linalala chini ya mabati! Watu walicheka mpaka kwenye kituo cha kuuzia majani chai. Walikuwa wamesahau, au walipenda kusahau, kwamba mkewe Loice alishawahi kushikwa na uchungu wa kuzaa, akalazwa kando ya barabara akingoja pikapu ya maziwa impeleke hospitali. Pikapu ilichelewa. Mtoto hakungoja, alizaliwa pale pale akafa. Siku ile Kipngeno alijiapiza kwamba mtoto wake mwingine hatangojea gari la mtu.

Ndiyo hiyo Corolla nyeupe, iliyotumika Japani, yenye kibandiko kiooni ambacho hakuna aliyeweza kukisoma. Na sasa Loice alikuwa mjamzito tena. Nesi wa kliniki alimpapasa tumbo, akasema mtoto amekaa vibaya, kichwa kiko juu. Uchungu ukianza, alisema, msijaribu nyumbani, njooni hospitali mara moja. Tangu siku hiyo Loice hakupata usingizi wa maana.

Basi ndipo taa ikawaka. Taa ndogo ya manjano kwenye dashibodi, umbo lake umbo la injini, ambayo awali ilikuwa ikizimika gari likishawaka. Sasa ilibaki inawaka njia nzima. Loice aliiona kabla ya mumewe. Ijumaa Pasta Kimutai alikuja na akina mama wa kanisa, wakaizunguka Corolla, wakaweka mikono juu ya boneti, wakakemea kila roho iliyoingia humo. Waliomba kwa moyo, siwezi kusema vinginevyo. Taa iliendelea kuwaka.

Jumamosi Kipngeno alimwambia mkewe anakwenda kutafuta mbolea, akateremka Sotik kwa fundi Njenga, ambaye alijenga gereji yake nyuma ya duka la mbao.

"Inasumbua namna gani?" Njenga aliuliza.

"Hakuna. Ni taa tu."

"Mzee wangu, mficha uchi hazai. Haizimikangi?"

Kipngeno akakubali kwamba, ndiyo, mara mbili gari lilizimika lenyewe likipanda mlima, halafu likawaka baada ya kupumzika.

Njenga akafungua boneti, akafunua kidude cheusi kilichojaa matundu madogo, akaunganisha matundu mawili kwa kipande cha waya. "Keti ndani. Washa swichi, lakini usipige stata. Angalia taa na uhesabu."

Taa ilikonyeza mara moja. Ikatulia. Ikakonyeza mara nne, upesi upesi. Ikapumzika, kisha ikaanza upya: moja, halafu nne. Kipngeno aliona ajabu. Kumbe kitu hiki muda wote kilikuwa kinaongea, na wao wanakikemea!

"Kumi na nne," Njenga alisema. "Kila namba iko na ugonjwa yake. Hii inasema shida iko kwa moto ya kuchoma petroli. Unaona haka kasanduku? Inaitwa ignaita. Ikishika joto inalala, ikipoa inaamka. Lakini hii waya yake pia ilikuwa imelegea, nimekaza. Sasa nafuta hiyo namba. Taa isiporudi, ilikuwa waya. Ikirudi ni kasanduku kenyewe, tutatafuta ingine Nairobi. Ikirudi, mzee, kuja siku hiyo hiyo. Na ikikuzimia njiani, weka kitambaa ya maji baridi hapa, ungoje ipoe."

Akachomoa fyuzi, akairudisha, akapiga stata, na taa ikazimika kama taa nyingine zote.

Kipngeno alikusudia kumweleza Loice. Jumapili asubuhi wakaingia garini kwenda kanisani, na kabla hajafungua mdomo Loice akaiona dashibodi haina taa. Alishika mkono wa mumewe, akaanza kulia na kucheka kwa pamoja. Ungemwambia nini mtu wa namna hiyo? Kipngeno akasema moyoni, nitamwambia tukirudi. Lakini wakati wa ushuhuda Loice alisimama na tumbo lake, akasema Mungu aliyezima ile taa ndiye atakayemfungulia njia mtoto huyu. Kanisa likalipuka kwa shangwe. Pasta akamgeukia Kipngeno.

"Ni kweli, ndugu?"

"Ni kweli," akajibu.

Tangu siku hiyo Loice alilala kama mtoto. Akanenepa mashavu. Jioni alikaa nje akipanga majina ya nyanya waliokufa, yale ambayo akina mama wangeyataja moja baada ya jingine mpaka mtoto apige chafya na kuchagua lake mwenyewe. "Atapigia jina la Kopot Sigei chafya, utaona," alisema.

Taa ikarudi. Kipngeno alikuwa peke yake, anatoka kupeleka majani. Alisimamisha gari, akaitazama ile manjano. Alijua ni kasanduku. Alijua njia ya Sotik. Lakini Sotik siku ya soko imejaa watu wa kanisa, na boneti iliyofunguliwa kwa Njenga ingefika nyumbani kabla yake. Aibu yake angeivumilia, nadhani. Usingizi wa Loice hakuweza kuugusa. Akatoa tepu nyeusi ya umeme, akakata kipande, akabandika juu ya taa. Mtoto akishazaliwa, alijiambia, nitaenda. Watu hujiambia mambo ya ajabu wakiwa peke yao garini.

Uchungu ulianza asubuhi moja ya Januari, jua kali, majani ya chai yamekauka ncha. Mama Drusilla, kiongozi wa akina mama, aliketi nyuma akimshika Loice. Walipofika kwenye mlima mrefu, gari likienda kwa gia ya kwanza, injini ikakohoa, ikanyamaza. Kipngeno alivuta breki. Akapiga stata. Ikazunguka tu.

Pikapu ya maziwa ilikuwa imeshapita. Lori la majani lingekuja mchana.

"Tuombe," alisema Mama Drusilla, akishuka. "Mungu alilitengeneza hili, halishindwi sasa. Weka mkono, Kipngeno."

Chupa ya maji ilikuwa chini ya kiti. Kitambaa kilikuwa mfukoni. Lakini mtu akiinua boneti na kwenda moja kwa moja kwenye kisanduku kimoja kati ya vitu vyote vile, kila mtu atajua kwamba alionyeshwa. Akaweka mkono juu ya boneti. Bati lilimchoma kiganja, hakuutoa mkono. Mama Drusilla aliomba ombi refu, akaimba, akaomba tena, na Kipngeno aliitikia amina kila alipotakiwa. Ndani, Loice akapiga kelele.

Hapo akatambua kwamba aibu inaua. Akafungua boneti, akalowesha kitambaa, akakiweka juu ya ignaita, maji yakachemka kidogo. Mama Drusilla hakumtazama hata kidogo, maana alikuwa amekimbilia mlango wa nyuma. Miguu ya mtoto ilikuwa imetangulia.

Alikuwa msichana. Hakulia. Mama Drusilla alimfunga kwa leso yake, hakutaja jina lolote. Kipngeno alipogeuza ufunguo, gari liliwaka mara moja, kwa sauti nzuri, wakafika hospitali bila taabu yoyote.

Loice alirudi nyumbani mikono mitupu. Wageni walikuja, wakasema Mungu ana mpango, wakanywa chai, wakaenda. Jumamosi alasiri wakabaki wawili.

"Ni mimi," Loice alisema. "Siku ile ya ushuhuda nilikuwa na shaka kidogo moyoni. Sikuambia mtu. Mungu aliona."

Kipngeno aliinuka. Akamshika mkono, akampeleka kwenye gari, akamketisha mbele. Akaliwasha. Kisha akabandua tepu.

Loice aliitazama ile taa.

"Ilirudi lini?"

"Kabla ya Krismasi." Halafu akamweleza yote: mbolea ambayo hakununua, Njenga, moja halafu nne, maji yaliyokuwa chini ya kiti.

Loice hakumpiga. Hakulia. Kipngeno alitamani sana alie.

"Bandika," Loice alisema mwishowe, akiwa ameligeuzia dirisha uso wake. "Kesho ni kanisa, na Mama Drusilla atakaa hapa mbele."

Kipngeno akairudisha tepu. Gundi yake ilikuwa imeanza kukauka, ikabidi aikandamize kwa kidole mpaka ishike.