Tyubu Mbili za Nesi Teodora

Mimi ni fundi baiskeli. Kibanda changu kiko Buzuruga, karibu na stendi, na kwa miaka thelathini na moja sijawahi kuiba hata nati ya mteja. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu ndilo lililoniponza.

Kuna mafundi ukiwaachia baiskeli asubuhi, jioni unarudishiwa mifupa yake. Mimi nikitoa kitu kwenye baiskeli ya mtu, hata kiwe kimeoza, namrudishia mwenyewe mkononi. Tyubu iliyochoka naikata mikanda mirefu ya kufungia mzigo, naikunja vizuri, nampa. Hapa Mwanza kila mtu anafunga mzigo kwa mpira wa tyubu: gunia la mkaa, kreti za soda, hata mbuzi. Mteja anaona kwamba fundi Ndalahwa hakumla, na kesho anarudi. Ndivyo nilivyofundishwa kazi.

Mwezi wa nne, ziwa lilipojaa, binti yangu Winnie alinipigia simu kutoka Lwabakanga, mwalo wa wavuvi. Ameolewa huko na mvuvi, Nkwabi. Nimesema ameolewa, bado ulimi haujazoea. Alikuwa na mimba ya miezi minane, mimba ya kwanza. Maji yalikuwa yamekula barabara na kuingia majikoni mwa watu, na kati ya mwalo na zahanati palibaki mchanga mtupu, kilomita sita. Bodaboda walijaribu mara mbili tatu, pikipiki zikazama, wakaapa hawarudi tena. Aliyekuwa akipita ni nesi mmoja tu, Teodora, kwa baiskeli aliyopewa na wafadhili, yenye matairi manene kuliko ya pikipiki. Mchanga haukuiweza baiskeli ile. Miiba ndiyo iliyoiweza.

"Baba, nesi wetu kila akija anakuja anasukuma," Winnie alisema. "Juzi kapata pancha tatu njia moja. Siku yangu ikifika, atanifikia kweli?"

"Siku yako ikifika utakuwa hapa kwangu. Jumamosi ya mwisho wa mwezi nakuja kukuchukua mwenyewe, wala sibishani na mumeo. Ila mwambie huyo nesi aniletee hiyo baiskeli."

Aliileta juu ya lori la mchanga. Ni binti mwembamba, wa umri wa Winnie, mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hii ni baiskeli au trekta?"

Hakucheka. Nilitoa tyubu na kuhesabu viraka: ya mbele kumi na tisa, ya nyuma ishirini na sita. Nilimwambia hiyo ya nyuma sasa ni viraka vilivyotiwa tyubu. Hapo alicheka kidogo.

Nilikwenda mjini kwa Chetan, ambaye ukoo wao umeuza spea za baiskeli tangu enzi za babu yake. Nilimwomba tyubu za saizi ile. Akatikisa kichwa. Mwanza nzima hakuna, alisema, wala Dar huzipati kirahisi. Akanishauri niifanye tyubulesi, kama magari: unaziba matundu ya spoki kwa utepe mpana, unaweka valvu yake, unamimina gundi ya maji ndani ya tairi, unajaza upepo. Mwiba ukiingia, gundi inakimbilia tundu na kuliziba yenyewe. Alikuwa na utepe, valvu mbili na chupa moja ya gundi, vyote vimeagizwa Nairobi na mteja ambaye hakurudi kuvichukua.

"Na zile tyubu mrudishie mwenyewe, fundi," alisema akinifungia mfuko. "Usikae nazo."

Nilimwakia. "Chetan, unanifundisha mimi? Lini nimekaa na mali ya mtu?"

"Sijasema hivyo, bwana. Sikiliza kwanza, maana siku tairi—"

Sikusikiliza. Nilishachukua mfuko na kutoka, nikinung'unika njia nzima hadi Buzuruga.

Kazi yenyewe niliipenda, siwezi kudanganya. Nilisugua rimu kwa petroli hadi ikang'aa, nikazungusha utepe mara mbili nikiubana kwa kidole gumba ili usibaki na kijipovu. Nilitoboa tundu la valvu kwa msumari wa moto. Nikarudishia tairi, nikapaka maji ya sabuni kingo zote, nikamimina gundi, nyeupe kama maziwa, kisha nikaomba mashine ya upepo kwa jirani anayepiga rangi magari. Tairi lilivimba, likagoma kidogo, halafu likalia pa! pa! na kukaa kwenye rimu. Watu wa stendi waligeuka. Nilitikisa gurudumu, nikalilaza upande huu nusu saa na upande wa pili nusu saa. Nilichukua mwiba wa mgunga, mrefu kama kidole, nikaupigilia mbele ya Teodora. Nilipouchomoa gundi ilitoka tone moja, ikakauka. Teodora aliweka mkono mdomoni.

Kisha nilifanya kama ninavyofanya siku zote. Nilichukua zile tyubu mbili, nikazipasua kwa kisu kikali, zikatoa mikanda minane mipana. Kwa mikanda hiyo nilimfungia mwenyewe kwenye keria kiboksi chake cha baridi cha kubebea sindano. Nilikitikisa. Hakikucheza.

"Mali yako hiyo," nilimwambia. "Hakuna kilichobaki kwangu."

"Mungu akubariki, mzee," alisema. Alikuwa na pampu na vijiko vya kutolea tairi, nikamwambia avitupe. Akasema atavibeba tu, amevizoea.

Majuma mawili hakupata pancha hata moja. Winnie alinipigia anacheka: nesi siku hizi anapita kwa mbwembwe, watoto wanamkimbiza. Nilijisikia mkubwa. Nilimsimulia kila aliyeleta baiskeli, hata wale waliotaka upepo tu.

Winnie alishikwa na uchungu Alhamisi, siku mbili kabla ya Jumamosi yetu. Upepo ulikuwa mkali na hakuna mtumbwi uliothubutu kutoka. Wenye magari walikataa njia ya juu, ile ya kuzungukia mbali na ziwa, kwa sababu ya tope. Bibi mmoja wa pale, Dorotea, alimzalisha. Mtoto alitoka salama, wa kike, na kondo likatoka. Damu ndiyo iliyokataa kusimama. Saa nne asubuhi Nkwabi akampigia nesi, na Teodora akaruka kwenye baiskeli na sindano ya kukaza kizazi. Kwa mwendo wake alikuwa akitumia nusu saa, hazidi.

Kilomita ya pili alipita juu ya bati. Lilikuwa bati la jiko la mtu, limezolewa na maji na kufukiwa mchangani, ncha imesimama. Lilichana tairi la nyuma ubavuni, mpasuko wa urefu wa kidole. Gundi inaziba tundu la mwiba, haizibi mpasuko. Yote ilimwagika mchangani kwa mara moja. Alijaribu kujaza majani ndani ya tairi, yakatoka. Alisukuma, ikagoma. Mwisho akakifungua kiboksi kutoka kwenye keria, akakitia kichwani, akakimbia kwenye mchanga ule unaomeza mguu hadi kifundoni. Alifika saa sita kasoro. Winnie alikuwa bado na joto, lakini alikuwa ameshakwenda.

Mimi nilipigiwa simu nikiwa nimeshika baiskeli ya mtu. Sikumbuki ilikuwa ya nani.

Tulimzika Jumamosi, ile ile niliyopanga kwenda kumchukua. Kwenye matanga nilikuwa mkali kwa kila mtu. Nilimgombeza Nkwabi kwa nini alioa akamweka mwanamke kwenye maji. Nilimlaani mwenye bati. Chetan alikuja na mkewe Bhumika, akakaa nami chini kwenye mkeka, akauliza kwa sauti ya chini:

"Lakini fundi, tairi ikichanika, si alikuwa na tyubu? Unatanguliza kipande cha tairi kuukuu, au hata kitambaa kilichokunjwa, kwenye mpasuko, unaweka tyubu, unajaza upepo, unakwenda. Robo saa. Ndiyo maana nilikwambia umrudishie."

Nilianza kuhesabu. Pampu alikuwa nayo. Vijiko alikuwa navyo. Tyubu zote mbili zilikuwa nyuma ya mgongo wake, zimefunga kiboksi.

Nilimjibu Chetan kwamba hakuwa nazo. Akanishika bega. Tangu siku ile nimekuwa nikiwaza jambo moja hadi kichwa kinauma. Fundi mwizi angezificha zile tyubu nzima kichakani mwa vyuma vyake, na mtu angekuja kumpokonya, angezipata. Lakini mimi si mwizi. Nilizikata, nikazirudisha.

Mwezi mmoja baadaye Teodora alikuja kibandani. Alikuwa amekonda zaidi. Aliisukuma baiskeli, tairi la nyuma limelala, na mikanda minane imeviringishwa kwenye keria. Mke wangu alikuwa amekaa pembeni, anamnywesha mjukuu maziwa kwa chupa. Teodora alimwona mtoto, akapiga magoti palepale kwenye vumbi la vyuma.

"Baba, nimekuja kuomba msamaha," alisema. "Kila siku najiambia ningekimbia zaidi. Nilipumzika mara mbili njiani. Mara mbili, baba. Sindano hazikuharibika hata moja, mipira yako ilishika kiboksi vizuri, hakikutikisika. Ni mimi niliyechelewa."

Mke wangu alianza kulia. Mtu angeweza kunyamaza hapo. Ningemwinua, ningemwambia ni mapenzi ya Mungu, angekwenda zake na mzigo wake na mimi ningebaki na jina langu zuri. Nakiri niliwaza hivyo kwa muda kama wa kukaza nati moja. Kisha nilimtazama mtoto, nikaona aibu.

Nilifungua mkanda mmoja kutoka kwenye keria, nikaunyoosha juu ya goti. Viraka vyake vilionekana, kimoja baada ya kingine.

"Hizi ni tyubu zako," nilimwambia. "Zilikuwa nzima. Zilikuwa mbovu, lakini zilikuwa nzima, na zingeshika upepo kilomita nne. Nilizikata mimi. Chetan alitaka kunieleza, nikamkatiza."

Aliutazama ule mkanda. Aliushika, akaupapasa kwa kidole kama anayesoma, halafu akaangalia pampu yake iliyofungwa kwenye baiskeli, na vijiko.

"Kwa hiyo ningefika?" aliuliza.

Mke wangu aliacha kumnywesha mtoto.

"Ungefika," nilisema.