Koti la Krismasi

Gunia lilipofunguliwa na manyoya kutokeza, Gertruda alidhani mumewe ameua mnyama wa porini akamleta nyumbani Jumapili ya mwisho ya Majilio. Alirudi nyuma hatua moja. Egidi alikuwa amechuchumaa mbele ya gunia, uso wote unacheka, akavuta kwa mikono miwili mpaka kitu chote kikatoka na kujimwaga sakafuni.

Lilikuwa koti. Koti la kike la huko Ulaya, la sufu nzito, rangi ya kahawia, refu kupita magoti. Mabega yake yalikuwa yamejazwa kitu ndani yakasimama kama ya askari wa gwaride, na kuzunguka shingo yote yalilala yale manyoya, mekundumekundu, kama paka aliyeshiba.

"Nguo yako ya Krismasi, mama Albina," alisema Egidi.

Gertruda aliliangalia koti, akamwangalia mumewe, akaangalia tena ndani ya gunia kama kuna kitu kimebaki. Hakikuwepo.

"Kitenge kiko wapi?"

"Kitenge gani?"

Hapo ndipo hasira ilipoanza, taratibu, kama maji ya ugali yanapoanza kupiga kelele kabla ya kuchemka.

Mwaka ule zamu ya kutoa matoleo siku ya Krismasi ilikuwa ya jumuiya yao. Zamu yenyewe ilizunguka kigango kizima, na mtu angeweza kuzeeka akiisubiri irudi. Akina mama walikuwa wameshachagua kitenge cha sare, cha rangi ya machungwa chenye ndege weusi, na walikuwa wameshamchagua Gertruda atangulie mbele. Hawakumchagua kwa sababu ya sauti, maana sauti yake ilikuwa ya kawaida. Walimchagua kwa sababu ya shingo. Gertruda aliweza kubeba ungo wa mayai kichwani, akacheza kutoka mlangoni mpaka altareni bila kuugusa kwa mkono, na yai lisitikisike. Tangu msichana alikuwa akiwaona wanawake wengine wakitangulia na kusema moyoni kwamba siku moja atakuwa yeye.

Na kuhusu sare hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe kuja na magari yao mpaka vijijini, fedha ya kahawa ilikuwa inakuja mkononi papo hapo mwezi wa nane, na kwa wanaume wengi ilikuwa inaondoka papo hapo vilevile, kwenye vilabu, kabla ya mwezi wa tisa kuisha. Ikifika Krismasi nyumba nzima inaangaliana. Lakini Egidi mwaka ule alikuja nyumbani akiwa mkavu, hajaonja hata kikombe, akasema, "Jambo la nguo yako ya Krismasi nimeshalimaliza. Usihangaike." Kila Gertruda alipouliza alijibiwa kwamba lipo salama kwa dada Winifrida. Naye akajua fedha imefichwa kwa wifi yake, akajisifu kisimani kwamba ana mume mwenye akili.

Kumbe kilichofichwa kwa wifi ni paka huyu.

"Si wewe uliyesema baridi itakuua?" aliuliza Egidi. Bado alikuwa anatabasamu, ila tabasamu lilianza kuchoka.

"Lini?"

"Tulipokuwa tunaosha kahawa mtoni. Ulisema vidole vyako vimekufa. Ulisema, Egidi, mwaka mwingine utaniokota hapa nimekauka kama kuni."

"Nilisema Julai."

"Na mimi nilinunua Agosti."

"Basi ungenipa Agosti."

"Agosti si Krismasi," alisema Egidi, kwa upole, kama anayemwelewesha mtoto. "Nilisema fedha hii nisipoinunulia nguo leo, nitainywa. Nikaenda mnadani siku ileile. Ukungu ulikuwa mzito, watu wote tunatetemeka. Nikaona koti. Nikasema mama Albina hatakuwa na mwenzake."

"Sitakuwa na mwenzangu kweli. Wenzangu wote watakuwa na vitenge."

Egidi hakushindwa haraka. Alisimama akaenda ukutani ilikoning'inia kalenda ya parokia, ile iliyochapwa na wafadhili wa Ulaya, akaweka kidole kwenye picha ya Desemba. Palikuwa na kanisa dogo limefunikwa theluji mpaka madirishani, na watu wanaingia wakiwa wamejifunga makoti, kofia na mitandio, macho tu yanaonekana.

"Angalia mwenyewe. Krismasi watu wamevaa makoti mpaka masikioni."

"Hao wasipovaa watakufa, baba Albina. Hao wako kwao. Mimi Desemba napalilia mahindi kwenye mashimo ya ngolo huko mteremkoni, gauni limenigandia mgongoni kwa jasho. Kama Bwana Yesu angezaliwa Litembo mwezi wa saba, ningekuelewa."

Egidi aliinama akalikunja koti vizuri, mkono juu ya mkono, akaliweka kitandani. Hilo lilimuudhi Gertruda zaidi. Alitaka mtu wa kugombana naye, na mtu mwenyewe amekuwa mpole kama ndama.

Kesho yake Gertruda alipata nafasi nyuma ya pikapu iliyokuwa inashuka Mbinga, koti ndani ya gunia, gunia kati ya miguu. Mji ulikuwa umejaa Krismasi. Tangu biashara ifunguliwe, kila duka lilikuwa limepata kitu kipya cha kutundika mlangoni. Karatasi za kumetameta, vinyota vya plastiki, na kwenye duka moja mti mzima wa bandia umebandikwa pamba kwenye matawi. Gertruda aliutazama ule mti akahisi kama unamcheka. Mvua imenyesha usiku kucha, matope yanafika kwenye kifundo cha mguu, na watu wanabandika pamba kwenye matawi ili wapate theluji.

Mwanakombo, mke wa Nurdini mwenye duka la vitenge, alimkaribisha kwa furaha.

"Dada Gertruda. Habari za Litembo?"

"Matope tu, dada. Nimekuja tubadilishane. Nipe kile kitenge cha ndege, mimi nikupe hili."

Mwanakombo alilitoa koti kwenye gunia, akalipima kwa macho, kisha akalivaa palepale juu ya baibui, akajigeuza mbele ya kioo.

"Nani kakufanyia hivi?"

"Mume."

"Mume anakupenda." Alianza kucheka, akashika meza. "Dada, mimi Krismasi si yangu, lakini nawaona kila mwaka mkipita hapa. Sijaona mtu anakwenda kanisani na blanketi. Nikilitundika hapa nje saa hizi, watoto watanikimbia. Niletee kipupwe, tutazungumza."

"Kipupwe kitenge kitanisaidia nini?"

"Na hata ningetaka, nisingeweza." Mwanakombo aliacha kucheka, akavua koti. "Kile cha ndege kimekwisha. Kipande chako nilikuwa nimekiweka pembeni. Leo asubuhi na mapema amekuja mama yenu Marselina, amesema wewe hukitaki tena, una nguo yako ya kizungu. Amekichukua kwa ajili ya binti yake, Jacqueline. Amesema huyo ndiye atakayetangulia."

Gertruda alipiga hesabu. Koti lilikuwa limetoka kwenye gunia jana mchana. Winifrida, wifi yake, siri ikishafunguliwa hakuweza kukaa na habari mdomoni, kama chakula cha moto, hilo alilijua. Lakini Marselina, kiongozi wa akina mama, mtu anayeongoza rozari kila Alhamisi, alikuwa ameisikia habari jioni na asubuhi ameshateremka Mbinga.

"Amekuambia sikitaki?"

"Kwa mdomo wake."

Kabla ya hapo hasira ya Gertruda ilikuwa ya Egidi peke yake. Sasa ilipata pa kwenda. Njia yote ya kurudi, nyuma ya pikapu, mvua ikimpiga usoni, alikuwa anazungumza peke yake mpaka mwanamume aliyekaa jirani na mitungi ya mafuta akasogea mbali kidogo.

Asubuhi ya Krismasi jua lilitoka mapema, na kwa kuwa ardhi ilikuwa imeshiba maji, mvuke ulipanda kutoka mashambani kama sufuria iliyofunuliwa. Gertruda alivaa gauni lake la zamani, lile lililochanika mgongoni, kwa kuwa hakuwa na jingine la maana. Juu yake akavaa koti. Akafunga kifungo cha kwanza, cha pili, vyote, mpaka manyoya yakamkuna kidevu. Kisha akachukua ungo, akapanga mayai juu ya kitanda cha maharage, akaweka kata kichwani, akabeba.

Egidi alisimama mlangoni mdomo wazi. "Umelivaa," alisema.

Gertruda alimpita kama anavyopita nguzo.

Njiani watu waligeuka. Watoto walimfuata kwa mbali. Mzee mmoja aliipokea shikamoo yake, akasema marahaba, kisha akauliza kama kuna mgonjwa. Gertruda alijibu kila mtu kwa adabu na kuendelea, shingo imenyooka, jasho limeanza kumtiririka nyuma ya masikio.

Mlangoni pa kanisa akina mama walikuwa wameshapanga mstari, rangi ya machungwa mbele mpaka nyuma. Jacqueline alikuwa ametangulia, kitenge kipya bado kina mikunjo ya dukani, mikononi ana ungo mwingine wenye mayai machache. Alikuwa anautazama ungo ule kama mtu aliyepewa nyoka amshikie mwenzake.

"Tumsifu Yesu Kristo," alisema Gertruda.

"Milele amina," akajibu Marselina. Akamtazama juu mpaka chini, polepole, akichukua muda wake wote. "Mama Albina. Umependeza. Sasa wewe utakaa ndani na waumini wengine, tusiharibu mstari. Jacqueline atatangulia."

"Mstari umeharibika lini, mama Marselina? Jumatatu asubuhi?"

Wanawake waliangaliana. Mmoja aliangalia miguu yake.

"Tulikubaliana sare."

"Tulikubaliana sare, na kipande changu kilikuwa dukani. Kakichukua nani?"

"Nilisikia hukihitaji."

"Ungeniuliza. Nyumba yangu na yako zinaonana moshi." Gertruda hakupandisha sauti. Hakuweza, ungo ulikuwa kichwani. "Ungo huu ni wangu, mayai ni ya kuku wangu, na kichwa ni changu. Kitenge ni chako, kaa nacho. Jacqueline, mwanangu, unataka kutangulia?"

Msichana alimtazama mama yake, akamtazama Gertruda. "Mama mdogo, mimi tangu jana nimevunja matano," alisema kwa sauti ndogo.

"Basi njoo nyuma yangu."

Ngoma ilikuwa imeshaanza ndani, na kwaya imeshafika kwenye ubeti ambao mstari unapaswa kuingia. Marselina alifungua mdomo, lakini Padri alikuwa ameshasimama altareni anangoja, na kanisa zima limegeuza shingo kuangalia mlango. Gertruda aliachia mikono yote miwili, akaingia.

Hajawahi kucheza vile. Hasira ilikuwa imemnyoosha uti wa mgongo kama mwanzi. Hatua mbili mbele, moja nyuma, bega la kushoto, bega la kulia, na mabega yale yaliyojazwa yakafanya kila mtikisiko uonekane mpaka viti vya nyuma. Jasho liliteremka likaingia machoni, hakulifuta. Manyoya yalimkuna, hakujikuna. Watoto walikuwa wa kwanza kucheka, kisha bibi mmoja upande wa kushoto akapiga kigelegele kwa nguvu zote za mapafu yake, na vingine vikafuata. Mayai yalilala juu ya maharage kama yaliyotagwa pale. Alipopiga goti mbele ya Padri na kuuteremsha ungo, alisikia Padri akisema chini chini, "Pole kwa joto, mama," na yeye akajibu, "Asante, Padri," akageuka, uso umefungwa kama koti lenyewe.

Misa iliyobaki ilikuwa ndefu. Hakufungua hata kifungo kimoja. Marselina alikuwa kwenye benchi la mbele, na Gertruda aliapa kwamba afadhali azirai kuliko mwanamke yule amwone akilegeza shingo.

Nje, baada ya baraka, Egidi alikuwa amezungukwa na wanaume wenzake chini ya paa la kanisa, anaeleza kwa mikono. "Nilimnunulia Agosti," alikuwa anasema. "Watu mnanywa, mimi nanunua." Alipomwona mkewe akaacha kundi, akaja mbio.

"Nilijua utalipenda."

"Sikulipenda," alisema Gertruda. "Nimelivaa kwa sababu ya Marselina. Na kama wewe ungeninunulia kitenge, Marselina asingepata pa kuingilia. Yeye nimeshamalizana naye. Wewe bado."

Uso wa Egidi uliteremka wote, taratibu. Walianza kutembea kuelekea nyumbani, Egidi nyuma kidogo. Walipofika kwenye mteremko ambako hakuna mtu anayewaona, Gertruda alifungua vifungo vyote, akavua koti, akasimama na gauni lake lililochanika mgongoni akipigwa na upepo. Mwili wote ulitoa mvuke. Akamtupia koti mikononi.

"Libebe."

Egidi alilipokea. "Mwakani sitanunua kitu," alisema.

"Mwakani utanunua, Desemba, na mimi nitakuwa nimesimama pembeni yako nikichagua. Na fedha nitakaa nayo mimi."

"Na ukisema tena baridi itakuua?"

Wingu lilikuwa limefunika jua na matone ya kwanza, makubwa, yalianza kuanguka kwenye majani ya mibuni pande zote mbili za njia. Egidi aliinua koti ajifunike kichwa.

"Usithubutu," alisema Gertruda. "Likilowa sufu hiyo itanuka mpaka Pasaka. Julai nitavaa nini mtoni?"

Egidi alisimama kidogo. Kisha akavua shati lake jeupe la Krismasi, akalifungia koti ndani yake vizuri, akalikumbatia kifuani, na wakashuka mteremko mvua ikimpiga mgongoni, Gertruda mbele, bado anafoka.