Somo la "Every"

Mume wangu alifundisha Kiingereza mpaka nikawa namtania kwamba kaoa chaki, mimi nililetwa kufagia vumbi lake tu. Kiharusi kilipompiga, ulimi ukafungwa. Hata maji hawezi kuomba. Jina langu ndiyo kabisa, ananitazama kama anavyolitazama kabati.

Daktari aliniambia, "Mama, mrudishe kwenye mambo aliyoyazoea."

Kazoea nini huyu zaidi ya darasa? Nikaazima ubao shuleni kwake, nikausimamisha sebuleni kando ya cherehani yangu.

Dada yake akaguna. "Wifi, ndiyo tumefungua shule?"

"Mfa maji haachi kutapatapa, wifi yangu. Niache."

Nikamshikisha mwalimu chaki kwa mkono ule mzima. Akaandika neno moja, limepindapinda: every. Kisha, Mungu wangu, akasema!

"Every ni kila. Ndugu zake ni each na all, ila msiwachanganye. Each unamtazama mmoja mmoja. All unawazoa wote kwa pamoja. Every ni wote, na hakuna hata mmoja unayemwacha nje. Every child, siyo every children!"

Sauti ile ile, na ukali wake ule ule. Nililia, gauni la mteja likaniponyoka. Nikamshika mabega. "Baba, niite basi. Mimi nani?"

Mdomo umefumba kama haujawahi kufunguka.

Wifi, kwa mzaha wake, akanyoosha mkono. "Mwalimu, na any je?"

Akaanza kumimina tena.

Basi, kumbe anasema na wanafunzi tu. Tangu hapo kila asubuhi naifunika cherehani, nakaa kwenye kigoda, nanyoosha mkono. Namuuliza lile lile, ananijibu lile lile. Nikichomekea habari za nyumbani, ananyamaza. Nina hasira naye, nina huruma naye, na sina la kufanya.

Juzi nikajitungia sentensi yangu mwenyewe, ya kumwambia kwamba kila siku namngoja. Nikasimama, nikaitamka: "Every day I wait for you."

Alisikiliza mpaka mwisho. Macho yakamng'aa. Nikasema moyoni, leo ndiyo leo.

"Vizuri sana," akasema. "Wewe umehamia lini darasani kwangu?"

"Leo, Mwalimu," nikajibu, nikakaa.