Amri ya Nani?

Mwakilishi wa chama cha wafanyakazi alikuja kwetu saa nne asubuhi, viatu vinang'aa. Kiwandani wanamwita Kipaza, maana sauti yake hufika hadi getini. Siku hiyo alinong'ona. Hapo ndipo nilipoanza kumtilia shaka.

Mjukuu wangu, mshonaji wa mahema, alikuwa ameketi kitandani, mkono wa kulia umefungwa bendeji. Msimamizi alimwamuru aondoe kibati cha cherehani kinachokinga vidole, eti turubai nene halipiti. Sindano ikamzamia mpaka mfupani. Sasa kiwanda kinasema alikiondoa kwa utundu wake, afukuzwe.

"Bibi, huu ndio utetezi wetu," Kipaza akasema. "Atie sahihi tu, niuwahishe."

"Lete nisome."

"Kwani Bibi unasoma?"

"Niliishia darasa la tatu, baba. Herufi hazijaongezeka tangu hapo."

Mjukuu wangu akacheka. "Mke mwenzangu, atazeeka huyo akikusubiri!"

"Azeeke tu, viti tunavyo."

Nikasoma kama ninavyochambua mchele, kidole juu ya kila neno. Kipaza akatazama saa, akatazama dirisha. Marehemu mume wangu naye alikuwa na chama. Viongozi wake waliingia kwa bosi na madai, wakatoka na vyeo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Mstari wa sita nikasimama. "Hapa pameandikwa kibati kiliondolewa kwa amri ya, halafu pako wazi. Amri ya nani?"

"Tutajaza ofisini."

"Ofisi ipi? Ya chama au ya bosi?"

"Bibi, msimamizi ni shemeji yangu. Amemwoa dada yangu."

"Lo! Na huyu aliyekupigia kura, ni nani wako?"

Akaitazama bendeji.

"Dada atanilaumu," akasema.

"Atakulaumu, ndiyo. Lakini si yeye aliyekuchagua. Walikuchagua hawa wa cherehani."

Nikampa kalamu. Akaandika jina la shemeji yake polepole, kama mtu anayetolewa mwiba. Nikamwambia atangulie yeye kutia sahihi. Kisha mjukuu wangu akatia yake kwa mkono wa kushoto, imepinda lakini yake.

Kipaza akainuka, karatasi mkononi.

"Ngoja, baba. Andika nyingine kama hiyo, ibaki humu ndani."

"Bibi, bado huniamini?"

"Andika."

Akaketi, akaandika. Nami nikasogea karibu, nikisoma kila neno lilivyokuwa likitoka.