Maziwa ya Ndama

…na hicho kipande kingine, nimeshapoteza hesabu, kwa sababu shangazi Boukje anampa kwa mkono wa kushoto huku wa kulia umeshika kikombe, anadhani sisi sote tunatazama wa kulia, na Bartel anameza bila kutafuna, jibini gumu lenye chumvi, mbwa wa miezi mitano, mbwa ambaye akikomaa atakuwa mzito kama mimi, ambaye mifupa itakayombeba maisha yake yote inajengwa sasa hivi, humu sebuleni kwa wakwe zangu, kwa jibini, nami nimekaa tu, mgongo wima, sahani ya keki magotini, kwa sababu leo ni siku ya kuzaliwa ya baba mkwe na siku ya kuzaliwa inakaliwa kwenye duara, viti vya mezani na vya bustani vimezunguka ukuta mzima, ukiingia unampa kila mtu mkono, hongera kwa baba yako, hongera kwa shemeji yako, hongera kwa jirani yako, nimempongeza hata mzee wa ng'ambo ya mfereji, sijui kwa lipi, kisha unakaa palepale ulipokaa, na ukithubutu kusimama kabla sahani ya jibini haijamaliza mzunguko, chumba kizima kinanyamaza kukutazama una nini… na Bartel yuko upande wa pili wa duara, miguuni kwa Boukje, sasa miguuni kwa jirani, anafuata sahani kiti kwa kiti, na kila mtu anampa kimoja, kimoja tu, hakuna hata mmoja humu aliyempa zaidi ya kimoja, ukiwauliza wote ni watakatifu, "kidogo hivi kitamfanya nini," anasema jirani, kama vile hamwambii mtu yeyote, kumbe ananiambia mimi, na nimeukanyaga mguu wa Gerlof, mume wangu, amekaa hapa kando yangu akibishana na kaka yake Sybren kama mfereji utaganda mwaka huu, nimeukanyaga ili aseme neno, hii ni nyumba ya wazazi wake si ya wazazi wangu, naye ameuvuta mguu akaniomba radhi, akidhani amenibana…

nami ndiye niliyemchagulia Bartel chakula chake, si wao, vuli nzima nimesimama madukani nikigeuza mifuko, mbele daima pana mbwa anayekimbia mlimani, nyuma maandishi madogo kama mchanga, nimewaandikia watengenezaji kuuliza kalsiamu ni kiasi gani, wengine wamejibu, wengine wamenitumia salamu na picha ya mbwa mwingine, na yule kijana wa dukani mwenye ndevu akaniambia, "Yote ni mamoja, dada, chukua hiki cha watoto wa mbwa, kina nguvu zaidi," nguvu zaidi, kitu kilekile nisichokitaka, kwa sababu mbwa wa aina kubwa hapaswi kukimbizwa, anapaswa kukua taratibu, mwembamba, ukipitisha vidole kwenye manyoya uzikute mbavu bila kuzitafuta, chakula cha watoto wa mbwa wa aina kubwa, chenye nguvu ya kadiri na kalsiamu ya kadiri, wala usimwongezee chochote juu yake, si unga wa madini, si unga wa mifupa, daktari wa mifugo alinieleza akiwa amemshika Bartel kiwiko, kwamba mwili wa mbwa mchanga bado haujajua kukataa, kalsiamu unayompa anaipokea yote, anaipeleka mifupani, uzito unatangulia na viungo vinabaki nyuma, na ukishaona miguu imepinda umeshachelewa… basi ninampimia kwenye mizani ya jikoni, ndiyo, ninapima, kazini napima maji wanayokunywa watu wa mkoa mzima na hakuna anayecheka, ila hapa naitwa Profesa, "Profesa, na hewa anayovuta umeipima?" Sybren alisema hivyo Krismasi, duara zima likaangua kicheko, na Gerlof akacheka, nilimwona, alijifunika mdomo kwa kitambaa lakini mabega yalikuwa yanacheka…

"Mbona anakaa miguu pembeni hivyo?" hiyo ni sauti ya mama mkwe, Tjitske, kutoka mlango wa jikoni, yeye peke yake ndiye anayeruhusiwa kusimama, na kweli Bartel amekaa vibaya, miguu ya mbele imefunguka nje kama ya mtu aliyevaa viatu kinyume, na wiki iliyopita alichechemea, nikasema ni vigae vyetu, vinateleza, nikanunua mazulia, nimetandika mazulia kutoka mlangoni hadi bafuni, nyumba yetu sasa inafanana na msikiti, Gerlof alinisaidia kuyatandika, alipiga magoti akayakata kwa kisu hakusema lolote… "Huyo hana neno," anasema baba mkwe, "kila asubuhi akiwa hapa anaimaliza ndoo yake na kuilamba," na mzee wa ng'ambo anaitikia kwa kichwa, ameridhika, na mazungumzo ya barafu yanaendelea, ndoo, amesema ndoo, siyo bakuli, na bakuli langu lenye chakula kilichopimwa ninalileta mwenyewe kila Jumatatu na Alhamisi, siku anazoshinda hapa nikiwa kazini, limefunikwa, lina jina lake…

"Ndoo gani, baba?" hiyo ni sauti yangu, imetoka nyembamba, naye ananigeukia kwa furaha kabisa, mtu anayeulizwa habari za fani yake, miguu ameinyoosha mbele kwa sababu magoti yake hayakunjiki tangu upasuaji, "Maziwa ya ndama, binti yangu. Ya unga, nayakoroga na maji ya moto. Na konzi moja ya madini, yalibaki magunia mazima nilipouza ng'ombe. Si Gerlof alikwambia?" na Boukje anacheka, anasema ndiyo maana manyoya yanang'aa, na Sybren anasema mwangalieni Profesa, anapiga hesabu, na sitazami kushoto, sina haja, naisikia shingo ya Gerlof ikibadilika rangi, "Nilidhani ni kidogo tu," ananinong'oneza, kidogo tu, kumbe hata yeye ni mmoja wa hao wa kidogo tu, alijua, alipiga magoti akayakata mazulia huku anajua, alinisikiliza kitandani nikijiuliza kama ni nyonga au ni kiwiko, akaniambia nipunguze wasiwasi, nina wasiwasi sana, kila mtu anajua nina wasiwasi, ni ugonjwa wangu, na wasiwasi huo wote ulikuwa sahihi, ulikosea vigae tu…

"Nimekuza ndama maisha yangu yote," anasema baba mkwe, mkono wake mpana umeshuka mgongoni kwa Bartel, "sijaona hata mmoja aliyedhurika kwa maziwa," na hapo hasira inanipanda, si ile ya mwanzo, hii ni nyingine, ina makali zaidi, kwa sababu anasema kweli, hakuwahi kuona, angeonaje, ndama hukimbizwa awe mkubwa ili azae mapema akamuliwe mapema, na miguu ikianza kumshinda lori linaingia uani, kwa hiyo hakuna aliyewahi kujua miguu hiyo ingekuwaje uzeeni, hakuna ng'ombe aliyetakiwa kupanda ngazi zetu akiwa na miaka kumi, nami ninachotaka kwa Bartel ni hicho tu, uzee, namtaka awe na ndevu nyeupe na azipande ngazi zile polepole akinilaumu, sina lingine, na sikuwahi kumwambia mtu yeyote humu jambo hilo, niliwaambia asilimia za kalsiamu tu…

na siku hizi hapa hakuna ng'ombe, ila mmoja, huyo hapo ukutani, picha yake ndani ya fremu juu ya televisheni, mahali ambapo nyumba nyingine wangeweka picha ya harusi yetu, Foekje, na kwa kuwa ni siku ya kuzaliwa ya baba mkwe na kahawa ya pili imeshamiminwa, anakohoa, anaanza, kila mwaka anaanza hapahapa, na kila mwaka mimi huhesabu maua ya pazia, "Foekje naye walisema hatafika popote," anasema, "alizaliwa pacha, mdogo kama sungura, masika ile hatukuwa na kitu, wenzake wote walimpita," na hata Sybren ameinua macho kuitazama fremu, "alikua polepole, nyinyi, polepole mpaka nikamwonea haya mbele ya wanunuzi. Wenzake wote walikwenda na lori. Yeye akabaki, akazeeka hapa kwangu, akafia kwenye majani yake," na vidole vyake vinatembea kwenye manyoya ya Bartel, vinabonyeza, vinatafuta kitu pale ubavuni na havikipati, sidhani anajua vinatafuta nini… nina hasira bado, isidhaniwe sina, na Gerlof tutazungumza garini, na mkoba wangu una namba ya daktari, Jumatatu Bartel hatakuja hapa, lakini sisimami, nimeweka uma kwenye sahani ya keki taratibu usilie, sahani ya jibini iko viti viwili kutoka kwangu, Bartel anaifuata na miguu yake iliyopinda, nami nasubiri hadithi ifike mwisho, hapa hadithi haikatizwi, na ikiisha, mbele ya watu wote hawa waliopongezwa, nitamuuliza baba mkwe kwa upole kabisa kama Foekje naye alipewa ndoo.